Prime95, OCCT, Cinebench au kazi yako mwenyewe: uikamue na nini mashine uliyoovakloki ukiwa Mtwara au Lindi

Msimu wa korosho ukishika kasi hela inazunguka, na ndio kipindi ambacho watu wengi huku kwetu wanajinunulia kompyuta ya mezani au wanaiongezea nguvu waliyonayo, vijana wa gemu, wenye studio za kuediti video za harusi na unyago, wenye steshenari. Sasa msimu wenyewe ndio huohuo wa joto kali, Oktoba mpaka Desemba kabla mvua hazijakolea, nje mchana unakuta 31 au 32, na ndani ya chumba cha bati kisicho na siling bodi ni zaidi ya hapo. Mtu anaovakloki prosesa usiku (yaani anailazimisha ikimbie kuliko spidi ya kiwandani), anaijaribu usiku, inatulia vizuri kabisa, kesho yake saa nane mchana inastaki katikati ya kurenda na kazi ya mteja imeenda.

Kwa hiyo maswali ni mawili: niikamue (niibebeshe mzigo mzito makusudi) na programu gani ili niiamini, na joto likifika ngapi nishtuke. Nitaweka njia nne ambazo watu wanatumia kweli, Prime95, OCCT, Cinebench R23, na kuikamua kwa kazi yako mwenyewe. Zote zina faida na zote zina mapungufu, inategemea mashine yako inafanya nini mchana kutwa.

Tunazipima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni joto, yaani programu inapandisha prosesa kiasi gani ukilinganisha na kazi zako za kila siku. Cha pili, na mimi naona ndicho kikubwa kuliko vyote, ni kama programu inagundua hesabu iliyokosewa au inasubiri tu mpaka mashine ijizime. Mashine inaweza kukosea hesabu masaa mawili bila kuzima, na wewe usijue. Cha tatu ni muda na umeme. Cha mwisho ni inamfaa nani.

Kwanza tuelewane kuhusu joto lenyewe

Ukisikia mtu anasema "80 ndio mwisho" muulize prosesa gani, maana kila moja ina kikomo chake ilichopewa na kiwanda. Intel nyingi za mezani za miaka ya karibuni kikomo ni 100. Ryzen 5 5600X ni 95, Ryzen 7 5800X ni 90, na Ryzen 7 7800X3D ni 89. Ryzen nyingi za familia ya 7000 ni 95, na zile kubwa kama 7950X zimetengenezwa zipande mpaka hapo 95 zikiwa na mzigo mzito na zikae hapohapo, hata kama hujagusa setingi yoyote. FX-8350 ya zamani yenyewe AMD waliiwekea kama 61 tu. Prosesa ikigusa kikomo inajipunguzia spidi yenyewe ili ipoe, ikiendelea kupanda inazima mashine. Kwa hiyo kuungua pale pale ni nadra, hasara ya kwanza unayoiona ni spidi kupotea, na hapo maana ya kuovakloki inakuwa haipo.

Msimamo wangu kwa prosesa uliyoipandisha kwa mkono: chini ya jaribio zito, saa ya joto kuliko zote, acha nafasi ya digrii 10 mpaka 15 kabla ya kikomo. Intel ya 100 ikomee 85 hadi 90, Ryzen ya 90 ikomee 75 hadi 80. Hizi Ryzen 7000 hesabu hiyo haizifai sana, kwao angalia kama GHz zinashuka mzigo ukiendelea.

Halafu kuna kitu ambacho wengi wanakiruka. Hitsinki (kile chuma chenye feni kinachopoza prosesa) haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba, inachofanya ni kuhamisha joto kwenda kwenye hewa ya chumba hichohicho. Kwa hiyo chumba kikipanda digrii moja, prosesa nayo inapanda karibu digrii moja. Usiku chumba kina 24 na prosesa inasoma 78, mchana chumba kikiwa 33 tegemea 87 au zaidi kidogo, hakuna setingi uliyobadilisha. Na mtu wa Newala kule juu kwenye uwanda wa Makonde, anakopata ubaridi wake, akikupa setingi zake ukaziweka wewe uliye Mikindani au Lindi mjini, usizikubali mpaka uzijaribu chumbani kwako mchana.

Joto lenyewe linatoka wapi? Linapanda na spidi, na linapanda na volti mara volti. Ukiongeza spidi asilimia 10 na volti asilimia 10, joto linaongezeka kama asilimia 33. Ndio maana GHz za mwisho mwisho zinauma sana, unaongeza kidogo tu unapata moto mwingi. Na prosesa ikiwa ya moto zaidi inahitaji volti zaidi ili isikosee kwenye spidi ileile, ukiongeza volti joto linapanda tena, ni mzunguko. Volti nyingi na joto vikikaa pamoja miezi na miezi ndivyo vinavyoichosha prosesa, ile iliyokuwa inatulia mwaka jana mwaka huu inaanza kuzingua kwa setingi zilezile.

Kama umenunua yuzdi, haya mawili yasikutishe bure. Intel kuanzia kizazi cha tatu mpaka cha nane, 3770K, 4790K, 7700K, 8700K, ndani chini ya mfuniko wake wa chuma waliweka pesti ya kupitishia joto badala ya risasi ya kuunganishia, kwa hiyo joto halitoki haraka. Unaweza ukagusa hitsinki ukaikuta ya vuguvugu tu huku HWiNFO, programu ya kusomea joto, inasoma 92. Hapo ukinunua hitsinki kubwa zaidi utapata digrii chache, usitegemee miujiza, dawa ni kupunguza volti. 2600K na 9900K zenyewe zimeunganishwa kwa risasi kwa hiyo zinatoa joto vizuri. La pili, Ryzen 7 1700X na 1800X zinatoa namba mbili, Tctl na Tdie, na ile Tctl imeongezwa digrii 20 makusudi ili feni iwahi kukimbia. Soma Tdie.

Prime95

Hii ni programu ya mradi wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, kazi yake hasa ni kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne, kuikamua mashine ni kitu cha pembeni ila ndicho kilichoipa jina kwa watu wetu. Ni ya bure na ni ndogo, haitamaliza bando.

Joto: ndiyo kali kuliko zote hapa. Ukichagua Small FFTs hesabu zote zinabaki ndani ya kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani) ya prosesa, hakuna kusubiri RAM, kila kori (kila injini ndani ya prosesa) inapiga kazi bila kupumua. Prosesa zenye AVX2, amri za kupiga hesabu nyingi kwa mpigo (Intel kuanzia Haswell ya 2013), zinapanda zaidi, digrii 10 mpaka 20 juu ya kazi za kawaida sio kitu cha ajabu. Toleo jipya lina sehemu ya kuzima AVX, mimi nakushauri anza ukiwa umeizima, ukiona joto liko sawa ndio uiwashe.

Kugundua makosa: hapa ndipo inapoheshimika. Inajua jibu sahihi kabla, kwa hiyo kila hesabu inalinganishwa. Unaona vidirisha vya wafanyakazi kila kimoja na kori yake, mistari ya "Self-test passed" inashuka mmoja mmoja, halafu ghafla kidirisha kimoja kinaandika "FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4" na kinasimama huku vingine vinaendelea kama kawaida. Mashine haijazima, mausi inatembea, muziki unapiga, lakini kori moja imekosea hesabu. Bila programu ya aina hii usingejua. Ndio hiyohiyo iliyofichua kasoro ya prosesa za Intel Skylake, mwanzoni mwa 2016, mashine zilikuwa zinaganda kwenye hesabu fulani za Prime95 hata bila kuovaklokiwa, Intel wakakubali na marekebisho yakaja kupitia BIOS, ile programu ya msingi ya mazabodi.

Muda na umeme: wengi wanaiacha usiku kucha. Kama mashine inavuta wati 250 ukutani, masaa 8 ni uniti 2 za LUKU, sio nyingi ila zipo. Tatizo langu na usiku kucha ni kwamba usiku ndio wakati wa baridi. Afadhali masaa mawili kuanzia saa saba mchana kuliko masaa nane ya usiku, kwa hali yetu ya hewa. Small FFTs kwa prosesa, halafu Blend ili na RAM iguswe.

Inamfaa: mwenye mashine ambayo jibu lazima liwe sahihi, hesabu za ofisi, data za utafiti, kurenda kwa masaa mengi. Haimfai sana mwenye hitsinki ndogo ya kiwandani na pawa saplai ya bei chee, maana utaibebesha mzigo ambao kwenye maisha yake ya kila siku hautaufikia, ukashusha setingi ambazo zingekutosha kabisa.

OCCT

Joto: unachagua mwenyewe. Data ndogo na AVX2 inakaribia Prime95, ukiweka data kubwa au SSE (amri za zamani, nyepesi kuliko AVX) inashuka mpaka usawa wa kazi za kawaida.

Kugundua makosa: inahesabu makosa kwa kila kori na kukuonyesha ni kori gani, na kila kitu kiko kwenye dirisha moja, grafu ya joto, volti, spidi. Kikubwa kwa anayeanza ni kwamba unaiwekea joto la mwisho, ikifika inasimama yenyewe. Kwa mtu anayejaribu mara ya kwanza chumba kikiwa 33, hiyo breki ina thamani kubwa.

Ina jingine ambalo wenye Ryzen 5000 na kuendelea wanalihitaji sana. Wengi siku hizi hawapandishi spidi kwa mkono, wanatumia Curve Optimizer kwenye BIOS kupunguza volti ya kila kori, kwa Ryzen 5000 mpaka hasi 30. Sasa setingi hiyo inaweza kupita Prime95 ya kori zote bila shida, ukiacha mashine ipumzike au ukifungua brauza inarestati. Sababu ni kwamba kori moja ikifanya kazi peke yake inapanda GHz nyingi kuliko zikifanya zote kwa pamoja, na pale juu ndipo volti uliyopunguza inapokosekana. OCCT ina jaribio la kuzungusha kori moja moja, tumia hilo.

Muda na umeme: saa moja inakupa picha nzuri. Kuna na jaribio la pawa linalobana prosesa na kadi ya gemu kwa wakati mmoja, linafichua pawa saplai dhaifu haraka sana, lakini kama pawa yako ni ile iliyokuja na kesi na haina jina la maana, usilifanye ukaondoka. Kaa hapo.

Inamfaa: anayeanza, mwenye Ryzen aliyepunguza volti, na fundi anayetaka kumwonyesha mteja grafu. Matumizi ya nyumbani ni bure, ila fundi anayelipwa asome masharti yao kwanza.

Cinebench R23

Hii ni ya kampuni ya Maxon, ilitoka 2020, inachora picha moja kwa prosesa halafu inakupa skoo. Kwa kawaida inazunguka dakika 10.

Joto linafanana na la mtu anayerenda Blender au Cinema 4D, kwa hiyo ni joto la kweli la kazi. Kwenye makosa ndipo inapopwaya, haihakikishi kama hesabu ni sahihi, inayoonekana ni kustaki, kujifunga au skrini ya bluu. Mashine ikipita hapa bado inaweza kukosea kwenye Prime95 ndani ya dakika tano, hilo linatokea sana.

Faida yake ni skoo. Piga mara moja asubuhi chumba kikiwa na ubaridi, piga tena saa nane mchana. Skoo ikishuka kwa kiasi cha kuonekana, prosesa inajibana kwa sababu ya joto, na ile ovakloki yako inafanya kazi asubuhi tu. Hakuna njia rahisi zaidi ya kuliona hilo. Wakati mwingine ukishusha volti kidogo na spidi kidogo, skoo ya mchana inapanda.

Inamfaa anayetaka jibu la haraka, anayelinganisha pesti mpya na ya zamani, na mwenye umeme usiotabirika maana dakika 10 unaweza kuzipata.

Kazi yako mwenyewe

Unachukua projekti yako nzito kuliko zote, video ya harusi ya masaa matatu, unairenda. Au gemu unayoicheza, masaa mawili mfululizo. Au unabadilisha video kwa HandBrake, ambayo kwa kweli ni ngumu kuliko watu wanavyodhani kwa sababu nayo inatumia AVX.

Joto ni lilelile utakaloishi nalo, hakuna kubishana. Makosa unayatafuta mwenyewe: video yenye vipande vya kijani au fremu zilizoruka, programu kujifunga bila sababu, zipu isiyofunguka. Fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger, ikiwepo ujue kuna kifaa, mara nyingi prosesa, kimekosea na kikajirekebisha au kimeshindwa, hata kama wewe hukuona kitu. Umeme na muda hupotezi, kazi inafanyika.

Udhaifu wake ni kwamba faili inaweza kuharibika kimyakimya, na hautaliona leo. Kwa gemu hilo halina uzito, kwa video ya mteja ambayo tukio halirudiwi lina uzito mkubwa. Kwa hiyo inamfaa mchezaji wa gemu, na inamfaa mwingine yeyote kama hatua ya mwisho baada ya jaribio lenye kukagua hesabu.

Vya huku pwani vya kuzingatia njia yoyote utakayochagua

Umeme ukikatika katikati ya jaribio, Windows inaandika Kernel-Power 41. Mashine ikizima yenyewe kwa ovakloki mbovu inaandika hiyohiyo Kernel-Power 41. Ukirudi ukaikuta imezima hutajua ni lipi, kwa hiyo ama uwe na UPS ama uwepo. Bila UPS, kuiacha usiku kucha hakukupi jibu la kuaminika.

Hewa yetu ina unyevu na chumvi, vumbi likiingia linashikana kwenye hitsinki kama ukurutu, halitoki kwa kupuliza na mdomo, chukua brashi laini na pawa iwe imezimwa. Safisha kwanza, badilisha pesti kama ni ya miaka, ndio uanze kupima, vinginevyo unapima vumbi. Na usiweke kesi ndani ya kabati la meza, pangaboi ya chumba haiwezi kufika humo.

RAM nayo ijaribiwe peke yake kwanza kwa MemTest86, hasa kama umewasha XMP (setingi ya BIOS inayoipandisha RAM spidi), maana XMP nayo ni ovakloki na makosa yake watu wanayasingizia prosesa.

Kwa hali yako

Una studio na mashine inarenda kila siku: Prime95 masaa mawili mchana, AVX ikiwa imewashwa maana kuediti kunaitumia, kosa moja tu likitokea shusha spidi au ongeza volti kidogo, usiseme "ni moja tu". Halafu renda projekti moja uiangalie yote mpaka mwisho.

Unacheza gemu tu, una Ryzen 5 5600 au mfano wake: OCCT ya kori moja moja saa moja, Cinebench mchana kuona joto, baada ya hapo cheza. Huna haja ya kuitesa na Small FFTs kwa masaa.

Una Intel K (zile zinazoruhusu kuovakloki) ya zamani yuzdi na hitsinki ya kawaida: OCCT yenye kikomo cha 90, AVX ikiwa imezimwa, na kubali GHz chache. 4790K inayotulia 4.4 mwaka mzima ni bora kuliko ya 4.7 inayokusumbua kila Novemba.

Una Intel Core i7 au i9 za kizazi cha 13 au 14: usianze na jaribio lolote kabla ya kuapdeti BIOS. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba volti ilikuwa inapanda kupita kiasi na kuziharibu prosesa hizo, wakatoa maikrokodi (marekebisho ya ndani ya prosesa) 0x129 Agosti na 0x12B Septemba, na waranti wakaongeza miaka miwili. Iliyokwisha kuharibika apdeti haiiponyi, kwa hiyo ukinunua yuzdi piga Prime95 na OCCT ikiwa kwenye setingi za kiwandani, mbele ya muuzaji, kabla hujatoa hela.

Na kama mashine yako ni zile za ofisi, i5-4570 kwa mfano, au Ryzen kwenye mazabodi ya A320, hapo kuovakloki kumefungwa. Piga Cinebench mara moja mchana, ukiona inasoma 95 na skoo inashuka, tatizo ni vumbi au pesti iliyokauka, na ukishughulikia hayo mawili unaweza kupata spidi nyingi kuliko ile uliyokuwa unaitafuta kwenye BIOS.